Riget au Kingdom Hospital: uanze na ipi?

Kwa mwenye haraka: anza na Riget ya Denmaki. Kingdom Hospital ya Marekani ije baadaye kama hamu itakuwa bado ipo, au isije kabisa. Lakini wapo watu ambao ningewashauri kinyume, na si wachache, kwa hiyo vumilia kidogo.

Tamthilia hizi mbili ni kisa kimoja kilichosimuliwa mara mbili. Ya kwanza iliandikwa na Lars von Trier pamoja na Niels Vørsel, von Trier akaiongoza akishirikiana na Morten Arnfred, na televisheni ya taifa ya Denmaki, DR, ikaionyesha: sehemu nne mwaka 1994, nyingine nne mwaka 1997. Ya pili ni ya Stephen King, mwandishi wa Kimarekani wa riwaya za kutisha. Aliiona ile ya Kidenmaki, ikamkaa moyoni, akaihamishia Maine, jimbo alikozaliwa na anakoishi, na televisheni ya ABC ya Marekani ikaionyesha mwaka 2004 kwa sehemu 13 zilizoongozwa na Craig R. Baxley.

Mifupa ya kisa ni ile ile. Hospitali kubwa yenye mashine za kisasa imejengwa juu ya ardhi yenye mambo yake ya kale. Mtoto wa kike aitwaye Mary, aliyekufa zamani, anasikika kwenye lifti. Bibi mmoja anayejua kuzungumza na wafu anajifanya mgonjwa ili alazwe, apate nafasi ya kumtafuta huyo mtoto, na mwanawe mtu mzima, ambaye ni mhudumu wa hospitali, analazimika kumsaidia huku akinung'unika. Daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, mgeni mwenye dharau, amemharibu msichana aitwaye Mona mezani na sasa anafanya kila hila ushahidi usionekane. Kuna kijana wa udaktari anayeiba kichwa cha maiti kwa ajili ya mapenzi. Kuna waosha vyombo wawili wenye Down, ulemavu wa akili wa kuzaliwa, wanaojua yote yanayoendelea bila kuinuka walipo. Ukisoma muhtasari utadhani kilichobadilika ni lugha tu.

Ukizitazama unakuta karibu kila kitu kingine kimebadilika pia, na ndiyo maana kuchagua kuna maana.

Chini ya jengo kuna nini

Riget, yaani Ufalme, ndivyo Wadenmaki wanavyoiita kwa mkato Rigshospitalet, hospitali kuu ya Copenhagen. Ni hospitali ya kweli, watu wanatibiwa humo hadi leo. Kila sehemu inafunguliwa na utangulizi ule ule: wafua vitambaa wa zamani wanatembea ndani ya madimbwi, wanazamisha nguo, mvuke unapanda hadi huwaoni tena. Sauti nzito inaeleza kwamba hapo ndipo hospitali ilipojengwa baadaye, wakaja madaktari na watafiti wenye akili kuliko wote nchini, wakaapa kwamba ujinga na ushirikina havitakanyaga humo tena. Kisha mkono unatokeza ardhini. Kisha ukuta unapasuka na damu inamwagika kwa wingi wa bomba lililopasuka.

King ameweka kitu kingine. Hospitali yake iko Lewiston, Maine, na chini yake palikuwa na kiwanda cha nguo kilichoungua mwaka 1869 watoto waliokuwa vibarua wakiwa ndani. Mary ni mmoja wao, na anatembea na kengele mkononi.

Hapa nampa King haki yake. Msingi wake una uzito wa historia: watoto kufanyishwa kazi viwandani ni jambo lililotokea kweli katika majimbo yale, na mtazamaji anajua mara moja amlaani nani. Kwa von Trier hakuna uhalifu wowote kwenye madimbwi. Wafua nguo hawakuuawa na mtu. Kosa lililopo ni kiburi cha waliojenga juu yake, na kiburi ni vigumu kukikamata kwenye picha.

Lakini mfuate Mary wa Denmaki hadi mwisho wa njia. Alikufa mwaka 1919, akauawa kwa gesi ya klorini na daktari Aage Krüger, ambaye ndiye baba yake, kwa sababu alikuwa mtoto wa nje ya ndoa na uwepo wake ulikuwa aibu. Na mwili wake uko wapi? Haukuzikwa. Umo ndani ya chupa kubwa ya dawa ya kuhifadhia maiti, katika ofisi ya profesa wa patholojia, kama kielelezo cha kufundishia. Watu wanaingia na kutoka, wanaweka karatasi mezani, wanakunywa kahawa. Hospitali ilimuua mtoto na ikamweka kwenye onyesho miaka yote hiyo, kila mtu akipita mbele yake. Sijaona kizuka cha Kimarekani kilichonikosesha raha kama ile chupa.

Faili la Mona

Nani kati yetu hajasikia visa vya mochwari vinavyosimuliwa usiku, mlinzi aliyeitwa jina lake na mtu asiyemwona, kitanda kilichosogea? Vinatisha, halafu asubuhi vinachekesha. Kinachotisha hata mchana ni kuambiwa dirishani kwamba faili la mgonjwa wako halionekani. Kwangu mimi tamthilia ya hospitali inapimwa hapo, na kwa kipimo hicho hizi mbili ziko mbali sana.

Stig Helmer ni Mswidi, amekimbilia Copenhagen baada ya mambo kumharibikia kwao, na anaigizwa na Ernst-Hugo Järegård kwa namna ambayo unamchukia na kumngojea kwa wakati mmoja. Anawadharau Wadenmaki kwa kila kitu: kikao cha asubuhi, chakula, ucheshi wao. Jioni anapanda juu ya paa, anachukua darubini, anatazama ng'ambo ya bahari kwao Uswidi ambako kinu cha nyuklia cha Barsebäck kinaonekana, anakisifu kile kinu kama mtu anayesoma dua, kisha anawatukana Wadenmaki wote kwa sauti. Ni matani ya majirani yaliyoiva hadi yakachacha. Mtanzania na Mkenya wakiitazama pamoja hawatahitaji maelezo.

Huyo ndiye aliyempasua Mona, na Mona amebaki bila uwezo wa kujieleza, amekaa pale wodini huku mama yake akiuliza maswali ambayo hayajibiwi. Sasa tazama kinachofanyika. Hakuna mtu anayesema uongo mkubwa. Mkuu wa idara, Moesgaard, ni mzee mpole asiyependa ugomvi. Wenzake wamo pamoja katika chama cha siri cha madaktari chenye viapo na mila zake, na ndugu wa chama halumbani na ndugu mbele ya mgonjwa. Ripoti ya dawa ya usingizi, ambayo ingeonyesha kilichotokea mezani, ipo. Ila ipo kwenye ghala la kumbukumbu, chini kabisa, na Helmer anajua njia ya kufika huko usiku. Kipande kile cha Helmer akihangaika na makaratasi gizani kinakaza roho kuliko mzuka wowote wa lifti, na wakati huo huo unacheka, maana bingwa wa ubongo ananyata kama mwizi wa kuku.

Baadaye mambo yanapanda hadi anakwenda Haiti kutafuta sumu ya kumgeuza mtu kuwa zombi, kwa sababu tu daktari mdogo mmoja, Krogshøj, anajua alichokifanya. Ona urefu wa safari ambayo mtu yuko tayari kuifunga ili asiseme maneno mawili: nilikosea, samahani.

Kwenye toleo la Marekani huyu daktari anaitwa Stegman, ametoka Boston na anaona Maine ni porini. Bruce Davison anamwigiza vizuri, na Mona yupo, na mama yake Mona yupo. Ila kuna Dk. Hook. Andrew McCarthy anamwigiza: kijana mzuri wa sura, mwenye huruma, anayeishi chini ya hospitali kama Krogshøj, na tangu mwanzo unajua ndiye steringi. Steringi akishapatikana, hofu ya faili inapungua, kwa sababu unajua lipo mikononi mwa mtu mwema na siku moja litasomwa. Krogshøj wa Denmaki naye anaishi chini, naye anajua siri, lakini siri zake anazitumia kama mtaji. Ana biashara zake za vifaa vya hospitali, anawabana wenzake anavyotaka. Katika jengo lile hakuna mtu msafi wa kukabidhiwa faili. Hiyo ndiyo hofu.

Kama wewe unataka mtu wa kumshangilia, na hilo ni haki yako baada ya kutwa nzima ya kazi, basi Hook anakungoja Lewiston.

Ini la profesa

Nitasimama kidogo kwa Bondo, kwa sababu hana mfano mzuri upande wa pili.

Profesa Bondo ni bingwa wa patholojia, na ofisi yenye ile chupa ni yake. Amevamiwa na hamu moja tu: kupata uvimbe wa nadra wa saratani ya ini ambao mgonjwa mmoja anayekufa anao. Anaomba familia iruhusu. Familia inakataa. Sheria haimruhusu kuchukua kiungo kwa utafiti bila ridhaa. Basi Bondo anatafuta mlango wa uani: kupandikizwa kiungo kuna utaratibu wake tofauti. Anafanya mpango, analala mezani, na ini lenye saratani linawekwa ndani ya mwili wake mwenyewe, ili liwe mali yake. Akizinduka anafurahi kama mtu aliyepata mtoto. Anaubeba ugonjwa kwa fahari, anauangalia ukikua.

Kila hatua ya kisa hiki ina karatasi yake na saini yake. Hakuna pepo aliyemwingia. Baard Owe anaigiza bila kukaza uso, sauti ya upole, ya mwalimu mzuri, na unaondoka umejua kwamba mwendawazimu wa kweli anaweza kuwa mtu aliyefuata utaratibu hatua kwa hatua. Kama utatazama kitu kimoja tu kutoka kwenye Riget na kuacha mengine, fuata nyuzi za Bondo katika msimu wa kwanza.

Mnyama wa King

Kingdom Hospital nayo ina kitu ambacho Denmaki haina, na hapo watazamaji wanagawanyika vipande viwili. Ni Antubis: mnyama mkubwa mwenye pua ndefu, yule mla-mchwa wa Amerika Kusini ambaye kwa mbali ungemdhania mhanga, isipokuwa huyu ana meno na anazungumza. Anamfuata Mary kila mahali. Anakula magonjwa. Anatoa maneno ya kejeli.

Wapo wanaompenda sana. Mimi nilimvumilia. Tatizo langu si kwamba ni kichekesho, kwani Riget yote imejaa vichekesho. Tatizo ni kwamba Antubis anajua majibu, na kila anapotokea unajua mambo yako kwenye mikono salama. Giza la King lina mlezi ndani yake.

Hata hivyo mnyama huyu anaingia kwa mlango mzuri kuliko yote katika tamthilia ile. Mchoraji Peter Rickman anakimbia mazoezi barabarani, gari aina ya van linamgonga na kumtupa kando. Amelala, amevunjika, hawezi kusogea, na mnyama anamjia. King hakuhitaji kubuni maumivu yale. Juni 1999 yeye mwenyewe aligongwa na van akitembea kando ya barabara huko Maine, dereva akiwa amegeuka kushughulika na mbwa wake ndani ya gari. Akavunjika mguu na nyonga, akapasuliwa mara kadhaa. Mtu aliyewahi kulala wodini akingoja kuhudumiwa ataona katika vipande vya Rickman jicho la mgonjwa ambalo von Trier hana kabisa. Von Trier anaitazama hospitali kwa jicho la mtu anayechungulia madaktari. King anaitazama kutoka kitandani: dari, taa, sura zinazoinama juu yako na kuzungumza kana kwamba haupo.

Hii ndiyo sababu pekee kubwa ya kutazama Kingdom Hospital, na si ndogo. Uguza mtu kwanza, halafu utazame sehemu za mwanzo. Zitakugusa mahali ambapo ile ya Denmaki haifiki.

Macho na saa

Riget haipendezi macho. Picha ni ya rangi ya udongo, kati ya kahawia na manjano ya kutu, kana kwamba jengo zima limelowekwa chai. Kamera iko mkononi, inayumba, inakata katikati ya sentensi ya mtu bila kujali mkono wake ulikuwa wapi picha iliyotangulia. Dakika kumi za kwanza unaweza kudhani faili ulilopata ni bovu. Si bovu, von Trier alivutiwa na tamthilia moja ya polisi wa Baltimore iliyopigwa hivyo hivyo, akaona ndiyo namna ya kupita kwenye korido za hospitali. Ukizoea, unajikuta umeacha kuona kamera na umeanza kunusa dawa ya kudekia sakafu.

Kingdom Hospital ni safi, ina taa, ina madoido ya kompyuta ya mwaka 2004, na kwa hayo ya mwisho muda haukuwa na huruma. Muziki unakuambia ni lini uogope.

Kuhusu urefu: sehemu moja ya Riget inapita saa nzima, na zipo nane kwa misimu miwili ya kwanza. Za King ni 13 za urefu wa kawaida wa televisheni ya matangazo ya biashara, na ya kwanza ndefu zaidi. Ukijumlisha muda hazipishani sana, lakini hisia ni tofauti. Riget haina sehemu ya kujazia. King anazo kadhaa, ambapo kisa kikuu kinasimama ili tusimuliwe habari ya mhubiri aliyesulubiwa au mchezaji wa besiboli ambaye maisha yake yaliharibika kwa mpira mmoja alioudondosha. Ile ya besiboli itamshinda mtu asiyejua kwa nini Wamarekani wanalia kwa ajili ya mpira wa mwaka wa zamani; mimi niliiruka nusu. ABC ilianza kuonyesha Machi 2004, watazamaji wakapungua wiki hadi wiki, na ilipomalizika Julai hakukuwa na msimu wa pili.

Lugha haipaswi kukuzuia. Riget ni Kidenmaki na Kiswidi, kwa hiyo utasoma maandishi ya chini, na ukiwa mtu wa kutazama huku unapika utapoteza mengi. Kingdom Hospital unaweza kuisikiliza huku unapiga pasi. Nasema hivyo bila kuidharau. Kuna usiku wa pasi na kuna usiku wa kukaa.

Watoto? Zote mbili hapana. Riget ina kuzaliwa kwa kiumbe mwishoni mwa msimu wa kwanza ambako hata mtu mzima anaweza kusukuma sahani pembeni. Judith, daktari mwenye mimba inayokua haraka kupita kiasi, anajifungua, na kinachotoka kina kichwa cha Udo Kier, mwigizaji mtu mzima, yule yule aliyeigiza baba muuaji wa Mary. Haya yanatokea wakati waziri wa afya yuko kwenye ziara ya kuona jinsi hospitali ilivyoboreshwa. Moesgaard alikuwa ameanzisha kampeni yake ya vibandiko na hewa mpya ya asubuhi ili wafanyakazi wapendane, na ziara ilikuwa ndiyo kilele chake. Ni dakika za mwisho bora kuliko zote nilizoziona katika aina hii ya tamthilia, na ukweli wake mchungu umo kwenye sura ya waziri.

Kila sehemu ikimalizika, von Trier mwenyewe anatokea amevaa suti ya sherehe, anawashukuru watazamaji, anafanya ishara ya msalaba, halafu ishara ya pembe za shetani, na kuwaambia wawe tayari kupokea mema pamoja na maovu. Ukiona ni maringo, hujakosea. Lakini usiyaruke, baada ya saa nzima ya kukunja uso, mtu huyu anayetabasamu mbele ya pazia ndiye anayekuruhusu kupumua.

Mwisho, na kisa kisicho na mwisho

Hapa ndipo King anashinda wazi. Kisa cha Mary wa Lewiston kinafungwa. Utazima runinga ukijua nani alifanya nini na nani amepumzika.

Riget ya 1997 iliishia hewani, watu wananing'inia kila kona ya jengo. Msimu wa tatu ulikusudiwa, lakini Järegård alifariki mwaka 1998, na Kirsten Rolffes, aliyekuwa Bi Drusse yule mtafuta mizimu, mwaka 2000. Bila Helmer na bila Drusse, nani aendelee? Kwa miaka 25 jibu lilikuwa hakuna.

Kisha mwaka 2022 von Trier akarudi na Exodus, sehemu tano. Inaanza na bibi aitwaye Karen, anayetembea usingizini, amekaa nyumbani akimalizia kutazama Riget ya zamani na kukasirika kwamba ule si mwisho hata kidogo. Anakwenda hospitali yenyewe kudai. Bodil Jørgensen anambeba Karen vizuri. Mikael Persbrandt ni Helmer mtoto, aliyekuja kufuata nyayo za baba yake na kukuta Waswidi wa hospitali ile wana kikundi cha siri cha kufarijiana. Alexander Skarsgård ni wakili ambaye ofisi yake iko chooni, na utani unanoga zaidi ukijua baba yake, Stellan, alicheza wakili katika msimu wa pili. Willem Dafoe anatosha kwa macho tu.

Mwaka huo huo ilitangazwa kwamba von Trier ana ugonjwa wa Parkinson. Katika Exodus bado anaaga watazamaji mwisho wa kila sehemu, ila sasa amejificha nyuma ya pazia na unaona viatu vyake tu.

Je, Exodus inatosha kuiponya hasira ya Karen? Nusu. Utani mwingi ni wa ndani, wa kupokelewa vizuri na mtu aliyezitazama zile nane. Usianze nayo kwa sababu ni mpya na picha yake ni safi. Hilo ni kosa linalofanyika sana na watu wanatoka wakisema hawaoni kilichosifiwa.

Ukikuta zote mbili hazikufai

Mtu wa damu na mateso, asiye na subira na wazee wanaobishana kwenye kikao cha asubuhi, aende kwenye msimu wa pili wa American Horror Story, ule wa Asylum wa 2012 na 2013. Ni hospitali ya wagonjwa wa akili huko Massachusetts mwaka 1964, inaendeshwa na watawa, na Jessica Lange anaitawala kila picha anayoingia. Imepakia kila kitu: daktari mwenye siri za vita, pepo, muuaji, hata viumbe wa angani. Inachosha, lakini haisinzishi.

Na mtu anayetaka kucheka tu atafute Garth Marenghi's Darkplace, sehemu sita za Channel 4 ya Uingereza, mwaka 2004 kama Kingdom Hospital. Ni dhihaka ya tamthilia za aina hii: hospitali ya Romford iliyokaa juu ya mlango wa jehanamu, waigizaji wanaoigiza vibaya kwa makusudi, sauti isiyolingana na midomo. Itazame baada ya mojawapo ya hizi mbili kubwa, si kabla. Ukianza nayo, hutaweza tena kumtazama Dk. Hook akitembea koridoni bila kucheka.

Kwa hiyo

Mpenzi wa vitabu vya King, mtu anayeuguza au aliyewahi kulazwa muda mrefu, mtu asiyependa kusoma maandishi ya chini, na mtu anayetaka kisa kiishe: Kingdom Hospital. Ipe ile sehemu ya kwanza ndefu. Kama mnyama atakuwa amekukera kufikia hapo, acha, kwa sababu hataondoka.

Wengine wote, Riget. Msimu wa kwanza unatosha kuonja, sehemu nne, na ukiweza zitazame usiku mbili mbili. Ya kwanza inatambaa kwa sababu inawapanga watu wengi; usiihukumu kabla ya kumwona Helmer juu ya paa. Msimu wa pili una vurugu zaidi na hofu kidogo kuliko wa kwanza, lakini una kile kikombe cha kahawa cha Krogshøj, na kwa ajili hiyo tu unastahili usiku mwingine mmoja. Tafuta nakala iliyorekebishwa picha karibuni. Zile za zamani zinazozunguka zimefifia kiasi kwamba maandishi ya chini yanapotelea kwenye makoti meupe ya madaktari.